Majogoo wanne katika ua mmoja: nifanye nini wasiendelee kujeruhiana?

Mfugaji wa Mikindani

Habari zenu, ndugu wafugaji wa Mtwara na Lindi. Naomba msaada wenu kwa jambo ambalo limenisumbua kwa wiki 3 sasa, na ambalo kwa kweli linaniumiza moyo, kwa sababu ninawapenda kuku wangu na sikuwahi kuona damu katika ua wangu kabla ya mwezi huu.

Ninaishi Mikindani, ambako nyumba zimesogeleana, na nyuma ya nyumba nina ua wa makuti wenye urefu wa hatua 15 na upana wa hatua 8. Humo ninafuga mitetea 14 wa kienyeji pamoja na majogoo 4. Wa kwanza ni jogoo mwekundu mwenye umri wa miaka 3, ambaye ndiye baba wa karibu kila kifaranga aliyeanguliwa hapa. Wa pili na wa tatu ni wanawe, mapora wa miezi 7, mmoja mweusi na mwingine wa madoadoa. Wa nne ana miguu mirefu, shingo ndefu na manyoya haba, na watu wengi wanaomwona husema ana damu ya Kuchi, ile aina ya kuku warefu wapiganaji. Huyu aliletwa kutoka Nanyamba na kaka yangu mkubwa, akamkabidhi mwanangu kama zawadi ya mjomba siku alipotoka jandoni. Mtaelewa basi kwamba huyo si jogoo ninayeweza kumtia chunguni, na mwanangu mwenyewe humlisha kwa mkono kila asubuhi.

Tulipompokea tulimfunga kamba mguuni chini ya mpera kwa siku 4, kama ilivyo desturi yetu ya kumzoesha kuku mgeni. Siku ya pili tu mwekundu alimvamia akiwa amefungwa, nami nikamfukuza kwa ufagio nikidhani kwamba watazoeana. Tulipomfungua walipigana mpaka upanga wa mwekundu, ile nyama nyekundu ya kichwani, ukachanika na jicho lake moja likavimba. Nilimtoa mwekundu, nikamweka chini ya tenga jikoni kwa siku 8 huku nikimwosha kwa maji ya chumvi, na alipopata nafuu nikamrudisha uani Ijumaa iliyopita. Haikupita robo saa. Wale mapora wawili, watoto wake mwenyewe ambao hapo awali walikuwa wakimpisha penye chakula, walimwandama kwa pamoja mpaka akajibana nyuma ya pipa la maji na kuficha kichwa, nao wakaendelea kumdonoa papo hapo hadi nilipofika.

Sasa mitetea wawili wamenyonyoka manyoya mgongoni, na mayai, ambayo yalikuwa 5 au 6 kwa siku, yamepungua hadi 2. Usiku kuku wote hulala katika banda moja dogo la udongo, na alfajiri kabla sijafungua mlango husikia vurugu ndani yake. Naomba kujua kama inawezekana majogoo hawa wakaishi pamoja, na kama haiwezekani, ni yupi aondoke na ni yupi abaki. Ifikapo Oktoba familia yote huenda shambani kuokota korosho, na nyumbani atabaki mama mkwe wangu, ambaye kwa umri wake hawezi kuinama kuamua ugomvi wa majogoo.

Mzee wa Nachingwea

Binti yangu, pole sana. Nilifanya kazi ya ugani wa mifugo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mpaka leo nina kuku nyumbani. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kwa jinsi ulivyoyapanga, sehemu kubwa ya jibu imo humo humo.

Ugomvi wa majogoo una mwisho wake wa asili, na mwisho huo ni mmoja kukimbia. Asili ya kuku wetu ni kuku wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambao jogoo mmoja hutawala eneo lake na mitetea wachache, na jogoo mwingine akiingia hupimana nguvu naye, mara nyingi kwa dakika chache tu, kisha aliyeshindwa huondoka zake. Akishatoka machoni pa mshindi, shauri limekwisha, na siku nyingine wakikutana yule mdogo hupisha bila kuguswa. Mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utoto wake na kuandika habari zao mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndiye aliyeonyesha kwamba kila kuku katika kundi anamfahamu kila mwenzake na anajua yupi anaweza kumdonoa na yupi lazima ampishe. Utaratibu huo ukishakaa, kundi hutulia.

Sasa tazama ua wako kwa jicho la jogoo anayetaka kukimbia. Mgeni wa kaka yako alikuwa na kamba mguuni, kwa hiyo aliposhambuliwa hakuweza kukubali kushindwa kwa njia pekee anayoijua jogoo, na mwekundu naye hakuona dalili yoyote ya kwamba ameshinda. Ninafahamu kwamba desturi ya kumfunga kuku mgeni tunayo sote, kutoka Kilwa hadi Nanyumbu, na kwa mtetea anayetoka mbali inasaidia asirudi alikotoka. Lakini kwa jogoo anayefungwa ndani ya eneo la jogoo mwingine, kamba ile ni hatari, na binafsi niliwaomba wafugaji waiache baada ya kuona mguu wa jogoo uliokatwa na kamba hadi kwenye mfupa. Vivyo hivyo, mwekundu aliporudi alikimbilia nyuma ya pipa, akajikuta mahali pasipo na pa kutokea. Na lile banda la udongo, alfajiri ile ambayo majogoo wameshaamka na mlango haujafunguliwa, ndilo baya kuliko yote, kwa sababu humo hakuna hata pipa la kujificha nyuma yake.

Kuhusu siku 8 za jikoni, ulifanya jambo jema la kutibu, lakini cheo cha jogoo hakiwekwi akiba. Akiondoka kwa wiki moja, wengine hupanga upya, na akirudi huwa mgeni anayelazimika kuanza tena, tena akiwa na kidonda. Mapora nao, wakishafika miezi 6 au 7, huwa wameshakuwa majogoo kamili kwa damu na kwa nia, na hawamtambui baba. Waliona nafasi ikiwa wazi wakaiingia.

Mwisho ni hesabu. Jogoo mmoja wa kienyeji anawatosha mitetea 10 bila shida, na kwa mitetea 14 katika ua mmoja, jogoo mmoja mwenye afya atakupa mayai yenye mbegu. Kwa majogoo 4 una mitetea watatu na nusu kwa kila mmoja, na wale wawili walionyonyoka mgongoni ndio wanaolipa gharama ya hesabu hiyo, kwani mtetea anayependwa na majogoo wote hupandwa mara nyingi kwa siku, hukimbizwa, hakai kula, na hatimaye haatagi.

Leo hii hii, kabla jua halijazama, usiwalaze pamoja. Hata ukitumia matenga mawili na chumba cha stoo, kila jogoo alale peke yake mpaka utakapoamua. Kisha sikiliza kwa siku chache ni nani anayeanza kuwika alfajiri. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba katika kundi la majogoo, aliye juu ndiye anayewika kwanza na wengine humfuata kwa mpangilio wa vyeo vyao, na ukisikiliza vizuri utajua hali ilivyo kabla hujaona kidonda.

Kijana wa Newala

Shikamoo mzee. Dada, mimi nashauri jambo moja rahisi: wauze mapora wote wawili na mwekundu, umbakize yule wa kaka yako. Mwekundu ana miaka 3 na amewapanda binti zake mwenyewe, kwa hiyo damu imeshajirudia katika kundi lako, na jogoo kutoka Nanyamba ni faida kwako. Kwa nini ujisumbue kujenga uzio? Au la, kama mwanao anawapenda wote, waite mtu awahasi ili watulie.

Mama wa Mingoyo

Mwanangu wa Newala, kuhusu mapora nakubaliana nawe, na kuhusu damu kujirudia umesema kweli kabisa, kwa sababu jogoo aliyekaa na binti zake kwa miaka huanza kuzaa vifaranga dhaifu na mayai mengi yasiyoanguliwa. Lakini kuhusu uzio naomba niseme kwa urefu kidogo, maana hilo nimelilipia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na jogoo mweupe ambaye alivunjika ukucha, nikamtenga kwa siku 9, na nilipomrudisha sikubaki kumtazama kwa sababu nilikuwa na mgonjwa ndani. Nilipotoka nilimkuta amelala kwenye kona ya ua, kichwa kimechunwa, na alikufa jioni ile ile. Nilimlilia, sioni haya kusema. Tangu siku hiyo sijawahi kumrudisha jogoo yeyote kundini kwa kumtupa tu katikati ya wenzake. Baada ya hapo nilijaribu kugawa ua kwa wavu wa kuku, huyu upande huu na yule upande ule, nikadhani nimemaliza. Lakini majogoo walisimama kwenye wavu kutwa nzima, wakirukiana na kudonoana kupitia matundu, mpaka panga zao zote mbili zikawa vidonda. Wavu uliwaonyesha adui bila kuwaruhusu kumalizana naye, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake amekataa kukimbia.

Kwa hiyo, dada yangu wa Mikindani, kama unataka kuwatenga majogoo wawili kwa kudumu, weka kizuizi wasichoweza kuona kupitia kwake. Makuti yaliyosukwa yanafaa sana, na huko kwenu hayakosekani. Mimi nilisimamisha fito za mikoko, nikafunga makuti mawilimawili, yaani kuti juu ya kuti ili pasiwe na tundu, hadi juu ya kichwa cha jogoo aliyenyoosha shingo, takriban mita 1, halafu juu ya hapo nikaweka wavu ili upepo wa bahari upite na kuku wasiruke. Wataendelea kusikiana wakiwika, na hilo si tatizo. Kinachowachochea zaidi ni kuonana uso kwa uso.

Wavu ulio wazi una kazi yake mahali pengine, nako ni kumtambulisha mtetea mgeni au tembe, yaani jike ambaye hajaanza kutaga, kwa wiki moja au mbili kabla hujawachanganya na kundi. Kwa majogoo usiutegemee peke yake.

Jambo jingine ni kambi ya majogoo. Nina mapora 5 ninaowakuza kwa ajili ya kuuza, na wanaishi pamoja kwa amani kwa sababu wamelelewa pamoja tangu vifaranga na hawaoni mtetea hata mmoja. Banda lao liko upande wa pili wa nyumba. Wana vyombo 3 vya chakula vilivyowekwa mbalimbali, fito za kulalia za urefu tofauti, na matawi makavu ya mkorosho niliyoyalaza chini ili anayefukuzwa apate kuzunguka nyuma yake. Hurukiana vifua mara mojamoja na kuachana. Lakini siku moja mtetea aliruka akaingia kwao, na ndani ya muda mfupi nilikuwa na majeraha mawili. Wewe kwa ua wako mdogo sikushauri kambi hiyo, ila nimekueleza ili ujue kwamba majogoo kuwa wengi mahali pamoja kunawezekana, kwa masharti.

Na neno moja kuhusu mwanao. Jogoo wa asili ya Kuchi huwa mkali, na kipi chake, ule mwiba mgumu wa nyuma ya mguu, kiko sawa na uso wa mtoto aliyechuchumaa. Anayelishwa kwa mkono huzoea watu, lakini pia hupoteza woga. Mfundishe mwanao aweke chakula chini akiwa amesimama, asichuchumae mbele yake, na awapo na wadogo zake asiwaache karibu.

Mhudumu wa Mifugo, Masasi

Nawasalimu nyote. Nitaongezea upande wa vidonda na magonjwa, na kujibu suala la kuhasi.

Kumhasi jogoo kunamtuliza kweli, na hilo limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1849 Mjerumani Arnold Berthold alionyesha kwamba mapora walioondolewa korodani hawakuwika, hawakupigana na panga zao zilisinyaa, na waliorudishiwa korodani ndani ya tumbo wakawa majogoo kama wengine. Lakini korodani za jogoo ziko ndani ya mwili, zimegusana na mgongo karibu na figo, pembeni ya mishipa mikubwa ya damu. Ni upasuaji wa kupasua ubavu. Naomba sana asitokee mtu wa kuufanya nyumbani kwa wembe, kwa sababu ni mateso makubwa na wengi hufa kwa kuvuja damu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili. Ukali wa jogoo unapunguzwa kwa hesabu na kwa nafasi, kama mzee alivyoeleza.

Kuhusu mwekundu, endelea kumwosha, lakini tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko 1 cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, kisha paka dawa ya iodini kwenye upanga. Jichoni tumia maji hayo ya chumvi pekee, usiweke iodini. Kama jicho bado limefungwa au linatoa usaha baada ya siku 3, mpeleke kwa ofisa mifugo wa kata. Kidonda kikubwa kifuatilie kila siku kwa sababu ya nzi, hasa chini ya bawa na sehemu ya nyuma, ambako funza huanza bila kuonekana. Na ukipewa dawa ya antibayotiki, soma siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai na uzifuate. Mitetea walionyonyoka mgongoni wakague ngozi. Kama haijachanika wataota manyoya wenyewe mara majogoo watakapopungua.

Kuna sababu nyingine ya kuheshimu vidonda hivi. Ndui ya kuku huingia kupitia ngozi iliyochubuka na kwa mbu, na upanga uliochanwa ni mlango ulio wazi. Ukiona vipele vinavyogeuka magamba meusi kwenye upanga, ndevu au kuzunguka macho, usidhani ni makovu ya ugomvi. Pia jogoo wa kaka yako aliingia moja kwa moja katika kundi. Kuku yeyote anayetoka nje anapaswa kukaa mbali na wenzake kwa wiki 2 hadi 3, kwa sababu anaweza kuonekana mzima huku amebeba mdondo, yaani kideri. Kwa kuwa wiki 3 zimepita bila mgonjwa, pengine umesalimika, lakini hakikisha kundi zima limepata chanjo ya mdondo ya I-2, tone 1 jichoni kila baada ya miezi 3, na umalize kabla hamjaenda kwenye korosho.

Vipi vya jogoo vikiwa virefu na vyenye ncha kali, unaweza kusugua ncha tu kwa tupa laini mpaka iwe butu, wakati mwenzako amemshika na kumfunika kichwa kwa kitambaa. Usikate katikati, kwa kuwa ndani ya ganda lile kuna mfupa wenye damu. Na siku utakapolazimika kuwaamua tena, usiingize mikono katikati yao. Tupa kanga juu ya mmoja au mfunike kwa tenga. Jogoo akiingia gizani hutulia mara moja.

Mfugaji wa Mikindani

Shikamoo mzee wangu wa Nachingwea, na asanteni sana dada yangu wa Mingoyo, mhudumu wa Masasi na kaka wa Newala. Nilipofika kwenye maneno ya kamba nilisimama kusoma, kwa sababu ni mimi niliyeifunga kwa mkono wangu, na ninamwonea huruma yule mgeni kwa siku zile 4.

Mapora wote wawili waliondoka jana. Mweusi amekwenda kwa jirani wa Chuno ambaye ana mitetea wanane na hana jogoo, na wa madoadoa tumemchinja. Nimebaki na mwekundu na huyu wa zawadi. Kaka wa Newala ananishauri nimwondoe mwekundu, na hoja ya damu nimeielewa, lakini ni jogoo mwema sana. Akiona mwewe hutoa sauti na vifaranga wote huingia chini ya mpera, na tangu nimpate sijapoteza kifaranga ila 2. Je, naweza kugawa ua kwa makuti, niwape kila mmoja mitetea wake? Na je, nitajuaje kwamba vifaranga watakaoanguliwa ni wa yule mpya?

Mzee wa Nachingwea

Marahaba, binti yangu. Kamba usijilaumu nayo, maana ulifanya kama ulivyolelewa, nasi wazee ndio tuliokufundisha.

Unaweza kugawa, lakini usigawe nusu kwa nusu. Mwekundu mpe sehemu ndogo pamoja na mitetea wakubwa 4 waliokwisha kuzaa naye, na mayai yao yawe ya kula. Mgeni mpe sehemu kubwa na mitetea 10 waliobaki, wakiwemo binti za mwekundu, ili damu mpya iingie mahali inapohitajika. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya mwili wake, kwa hiyo mayai yanaweza kuendelea kuwa ya mwekundu kwa wiki 2 hadi 3 baada ya kutenganishwa. Hesabu wiki 3 tangu siku ya kizuizi, mayai yote ya kipindi hicho kuleni au uzeni, na ya baada ya hapo ndiyo uanze kumwekea mtetea anayetaka kuatamia. Vifaranga wataanguliwa siku ya 21, na hao utajua ni wa Nanyamba.

Katika kila sehemu ondoa kona zilizokufa. Lile pipa la maji lisogeze mbali na uzio kiasi cha kuku wawili kupita nyuma yake, na pembe za ua ziweke fito kwa mshazari ili anayekimbia ageuke badala ya kukwama. Vyombo vya maji na pumba viwe viwili kila upande. Banda la udongo libakie kwa mgeni na mitetea wake, na mwekundu umjengee kichanja kidogo chenye mlango wa upande wake mwenyewe, ili mama mkwe wako alfajiri afungue milango miwili tu bila kumshika kuku yeyote. Na ukiwa shambani, mwambie mtu yeyote asije akawachanganya kwa kuwaonea huruma kwamba wametengana. Wiki 6 za kutoonana zinatosha kuwafanya wageni kabisa.

Mama wa Mingoyo

Nakuongezea moja, dada. Makuti ya kizuizi yakague kila wiki upande wa chini, kwa sababu kuku huchakura, na tundu la ukubwa wa ngumi linatosha vichwa viwili kukutana. Mimi nimelaza mawe ya matumbawe chini ya uzio wangu, na Mikindani mawe hayo mnayo tele.

Mfugaji wa Mikindani

Nawapa mrejesho, kwa kuwa mlinisaidia kwa moyo. Kizuizi kilikamilika siku 12 zilizopita, makuti mawilimawili hadi mita 1 na wavu juu yake, na mawe ya matumbawe chini. Siku 2 za mwanzo mgeni alizunguka huku na huku akitafuta tundu, na siku ya tatu aliacha. Upanga wa mwekundu umekauka, una pengo ambalo halitajaa, na jicho limefunguka lote. Mitetea waliokuwa wamenyonyoka wameanza kuota vishina vya manyoya, na jana nimeokota mayai 4, yote nimeyaweka jikoni kama mzee alivyoagiza. Ofisa mifugo amekuja kuchanja kundi zima, pamoja na kuku wa majirani watatu. Mwanangu ameacha kuchuchumaa mbele ya jogoo wake, ingawa ilibidi nimweleze mara kadhaa.

Nimekuwa nikisikiliza alfajiri. Mgeni ndiye anayeanza sasa, na mwekundu humjibu baadaye kidogo kutoka upande wake wa makuti. Mama mkwe wangu amekwisha kujifunza milango yote miwili.